Siku Waganga Walipokagua Shingo Yangu

Mimi ni mfupi. Nalisema mapema tusipoteze wakati, kwa sababu kila ninayekutana naye hulisema kabla ya salamu. Hapa Mubi, mji mdogo wa machimbo mashariki mwa Kongo, nyuma ya meza ya duka ninamofanya kazi, nasimama juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, na bado wachimbaji wanaotoka kwenye dhahabu ya Omate huingia, hutazama huku na huku, kisha huuliza, "Katoto, mama yako iko wapi?" Nimevuka miaka thelathini. Nawapimia mchele bila kujibu, na yule aliyecheka namchotea ule wa chini ya gunia, wenye mawe.

Si ufupi peke yake. Shingo yangu ni pana, ngozi yake inaanza chini ya masikio na kushuka moja kwa moja hadi mabegani. Kifua changu kilikaa kama cha mtoto wa shule. Damu ya mwezi niliisikia kwa wenzangu tu, jinsi mtu anavyosikia habari za Kinshasa.

Nilizaliwa Masisi, kwenye mlima wa maharagwe na viazi, katika nyumba ya watu wa kanisa. Mimi ndiye wa kwanza, na baada yangu walikuja wavulana, kisha mdogo wangu wa kike, wa mwisho, ambaye nilimbeba mgongoni mpaka akanizidi urefu. Alinizidi mapema, ingawa aliendelea kuniita Yaya, yaani dada mkubwa. Watu walipotuona njiani walimwambia yeye amshike mkono mdogo wake, yaani mimi.

Waganga wameniona wengi. Kwetu muganga ni yeyote mwenye koti jeupe, na yule anayeongoza kituo cha afya tunamwita titulaire. Wa kwanza alisema ni minyoo. Wa pili alinizungushia mkononi ule utepe wa rangi wa kupimia watoto wenye njaa, akanipa siagi ya karanga ya mifuko. Niliila kwa furaha, ilikuwa tamu, na sikukua hata ukucha. Nilipokuwa msichana wa kuchumbiwa, kampeni ya surua ilipita sokoni. Vijana wa chanjo walinikamata, wakanidunga pamoja na watoto, wakanipaka wino kwenye ukucha wa kidole kidogo. Nilikwenda kutambulishwa kwa wakwe zangu na ule wino kidoleni, na mama mkwe aliuona.

Ndiyo, niliolewa. Mama mkwe alimwambia mwanawe, "Huyu bado mutoto, tutamukomalisha sisi wenyewe," kama mtu anayenunua kuku mdogo kwa sababu ni rahisi. Walinikomalisha kwa jembe na kwa maneno. Mimba haikuja. Titulaire wa mlima ule aliniuliza kama naona damu, nikasema hapana, akatabasamu. "Huoni damu? Basi iko mimba." Nilinyweshwa vidonge vya wajawazito mpaka mimba hiyo ilipokuwa imepitisha hata muda wa tembo. Ndipo akabadilisha: mikrobe. Mikrobe ndani ya tumbo. Nilichomwa sindano mpaka nikawa siwezi kukalia kiti, na mume wangu hakuchomwa hata moja, kwa sababu mikrobe za uzazi, alieleza muganga, hupenda wanawake.

Msimu wa kupanda ulipofika, mama mkwe alinipokonya kapu la mbegu. Alisema mkono wa mgumba unaua maharagwe. Nilisimama pembezoni mwa shamba nikiwatazama wakipanda, na kabla hayajachipua nilikuwa nimerudishwa kwa baba yangu. Yalichipua vizuri sana mwaka ule. Mama mkwe alituma mtu maalumu kuja kutuambia.

Baadaye vita ilitushusha sote kutoka mlimani hadi kijiji kimoja upande wa Kibua, na mimi nikaendelea mbele hadi Mubi. Mama mwenye duka, Mkatoliki aliyetoka Butembo na mabunda yake ya vitenge, hakunichukua kwa huruma. Aliniambia wazi kwamba mtumishi asiye na watoto hana wa kumwibia sukari. Nilipenda jinsi alivyosema. Ni afadhali mtu anayekutukana akikutazama usoni.

Ni yeye aliyenituma Goma kuchukua bidhaa, enzi njia ilikuwa bado inapitika. Huko moyo ulinienda mbio nikaanguka ghalani, wakanipeleka hospitali. Daktari alikuwa mwanamke, mnene, mwenye haraka. Alisikiliza moyo, kisha akaacha kusikiliza, akainua nywele zangu kwa nyuma. Akaitazama shingo. Akageuza viganja vyangu.

"Nani alikuambiaka juu ya hii shingo?" aliuliza.

"Hakuna mutu, docta."

"Na damu ya mwezi?"

"Hakuna."

Alikaa chini. Hakuna muganga aliyewahi kukaa chini kwa ajili yangu. Walinipiga picha ya tumbo, damu yangu ikatumwa mbali, nje ya nchi, na iliporudi aliniita. Akanieleza kwamba ndani ya mwili wa kila mtu kuna nyuzi ndogo zinazobeba maagizo ya jinsi atakavyoumbwa, na kwamba mwanamke ana mbili za kike. Mimi nina moja. Ya pili ilipotea wakati natungwa, kama punje inayodondoka kati ya kapu na shimo. Ndiyo sababu ya ufupi, ya shingo, ya moyo, na ya mayai ya uzazi kukauka hata kabla sijajua kutembea. Nikamwuliza imetoka kwa nani, kwa baba au kwa mama. Akatikisa kichwa. Haikutoka kwa mtu. Haimo katika ukoo. Wadogo zangu hawaibebi, na watoto wao hawana cha kuogopa zaidi ya watoto wa jirani.

Nilimwuliza kama kuna dawa. Alisema kuna vidonge vya kunisaidia mifupa na mwili, si vya kunipa mtoto. Nililia mbele yake. Sikulilia mtoto, huyo nilikuwa nimemlilia zamani. Nililia kwa hasira, kwa ajili ya zile sindano zote.

Aliniandikia karatasi ya kumpa muganga wa nyumbani ili anifuatie vidonge. Nikaipeleka kwa titulaire wa kijiji cha wazazi wangu. Huyu hakuwa mtu mbaya. Kwa malaria hana mpinzani, na amezalisha nusu ya watoto wa pale. Aliisoma, akairudia, akaniambia kwamba katika masomo yake yote hakuwahi kusikia ugonjwa huo. Nilimheshimu kwa kukiri. Heshima yangu haikumaliza wiki.

Kwa sababu titulaire alifikiri. Hapo ndipo mabaya yalipoanzia. Ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao aliojua yeye ni mmoja, ule tunaouita SS, yaani selimundu, wa watoto wanaoumwa mifupa. Huo hutoka kwa baba na mama, na siku hizi makanisa hayafungishi ndoa mpaka wachumba wapimwe. Yeye mwenyewe ndiye huwatuma wachumba kwenye kipimo. Basi akaona: ugonjwa uko kwenye nyuzi za ndani, mtu huzaliwa nao, kwa hiyo ni kama SS, kwa hiyo uko katika nyumba nzima. Na mdogo wangu alikuwa mchumba.

Alichumbiwa na kijana wa palepale kijijini, mkulima ambaye kiangazi huenda kuchimba. Mbuzi wa mahari walikuwa tayari kwenye uwanja wetu, siku ya kanisa imetangazwa. Mama wa yule kijana alikuwa relais, yaani mmoja wa wale mama wanaofundishwa na kituo ili wazunguke nyumba kwa nyumba kuhimiza chanjo na kunawa mikono. Mtu wa titulaire kabisa. Titulaire akamwita pembeni, akadhani anafanya kazi yake.

"Mama, mujiangalie," alimwambia, na mama huyo akalirudia neno hilo kwa kijiji kizima. "Ile nyumba iko na kitu mu damu. Yule mukubwa ndiye alama tu."

Walikuja kuwachukua mbuzi wao asubuhi, watu wakiwa njiani kwenda shambani, ili waonekane. Mama mkwe mtarajiwa alifungua kamba mwenyewe. Mama yangu alimwuliza kosa la binti yake ni lipi. Yule mama akamjibu kwa upole kabisa, jinsi wanavyofundishwa kuongea na familia, "Hakuna kosa, mama. Ni afya."

Nilipofika kutoka Mubi, mdogo wangu alikuwa amekaa jikoni hajachana nywele. Nilimweleza yote, nyuzi, punje iliyodondoka, kila kitu. Alinitazama mpaka nikamaliza. Kisha akasema, "Yaya, ungebakia tu Mubi na karatasi yako." Akanipa kisogo, akaendelea kumenya mihogo.

 Niliondoka moja kwa moja mpaka kituoni.

Titulaire alinisikiliza akifuta miwani. Nilimwambia alichokisema ni uongo, na kwamba karatasi ya daktari ilisema hivyohivyo kwenye mstari ambao yeye aliuruka. Aliutafuta, akausoma.  Ni mtu mwerevu, alielewa. Lakini kuelewa ni kitu kimoja, na titulaire kumfuata mama mmoja wa kijiji na kumwambia "nilikosea" ni kitu kingine. Hicho nacho nilikiona usoni mwake, jinsi unavyoona sarafu chini ya maji.

"Tutafanya hivi," alisema mwishowe. Waganga wa vituo vya jirani walikuwa wakikutana kila mwezi, kila titulaire akitoa somo kwa zamu. Zamu iliyofuata ilikuwa yake. "Barelais nabo batakuya. Yule mama atakuwa pale. Nitaeleza hii ugonjwa mbele ya bote, nitasema haiko ya ukoo. Lakini na weye ukuye. Bantu haba bahawezi kuamini kitu bahaoni."

Nilijua alichokuwa akiomba. Nikakubali. Nilimwambia maneno ya mwisho lazima yawe yale ya ukoo, na ayaseme kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa.

Siku ile walikaa kwenye mabenchi ya chumba cha chanjo: waganga, wakunga, na nyuma yao wale mama wa relais na fulana zao za kampeni. Nyuma, isipokuwa mmoja. Mama wa yule kijana alikuja mapema akakaa mbele kabisa, mkoba magotini.

Titulaire alichora ubaoni, akazungumza vizuri. Kisha akanisimamisha kwenye ubao wa kupimia urefu wa watoto, ule wenye picha ya twiga, akasoma namba kwa sauti. Watu wakanung'unika. Mkunga mmoja akauliza kama nina miaka ya kweli au nimedanganya kwenye kitambulisho. Titulaire akaniomba niinue nywele. Nikainua. Wakaja mmoja mmoja kuishika ngozi ya shingo, wakiivuta kwa vidole viwili, na mwingine alikuwa bado ana mafuta ya mandazi mikononi. Kijana mmoja muganga alipiga picha na simu. Nilimwambia afute, akasema ni ya sayansi.

"Na maziwa?" aliuliza sauti ya nyuma.

Titulaire alinitazama. Nataka kusema aliona haya, na kweli aliona, lakini haya yake haikumzuia kungoja. Nilifungua vifungo vya blauzi. Wakatazama. Mimi nilimtazama yule mama wa mbele, na yeye alitazama sana, bila kupepesa, kama anayechagua nyanya. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Nilipojifunga, nikasema, "Sasa sema."

Akasema. Nampa haki yake, alisema. Alianza na Kifaransa, nikakohoa, akarudi kwenye Kiswahili. "Hii ugonjwa, hata kama mutu anazaliwa nayo, haitoke kwa baba ao kwa mama. Haiko mu ukoo. Ni bahati mbaya ya mutu mumoja. Bandugu yake banaweza kuzala muzuri. Zamani tulikuwa tunafikiri vingine, lakini sayansi inaendelea." Zamani hiyo ilikuwa mwezi uliopita.

 Kisha muganga mmoja mzee, mwenye koti lililopigwa pasi, akanyoosha mkono. Alikuwa amesikiliza kwa makini kuliko wote, ameandika yote.

"Titulaire, nimeelewa," alisema. "Kama haikutoka kwa baba, na haikutoka kwa mama, basi nani alimuroga?"

Wengine wakageuka kumtazama titulaire, kwa sababu lilikuwa swali walilokuwa nalo wote. Titulaire akasema hakuna aliyeniroga. Yule mzee akatikisa kichwa polepole, akaandika tena, na sijui aliandika nini. Walikwenda kunywa soda.

Yule mama hakwenda. Alinijia nikiwa bado naweka sawa kola yangu. Aliongea tena kwa ule upole wa mafunzo.

"Nimesikia, binti yangu. Kumbe iko kwako peke yako."

"Ni kwangu peke yangu, mama."

"Basi mudogo yako haiko na kosa. Tutarudisha mambuzi." Akanishika bega. "Lakini weye usikuye ku ndoa. Usimuguse bibi-arusi, usimupake mafuta, usishike nguo zake. Unasikia? Kwa sababu kama haiko ya ukoo, ndiyo kusema iko ya mwili yako."

Desturi yetu inataka dada mkubwa ndiye amtengeneze bibi-arusi. Mimi ndiye pekee wa kike juu yake. Nilikwenda nyumbani kumwambia mdogo wangu habari zote mbili, ile ya mbuzi na ile ya mafuta. Nilianza na mbuzi. Alinirukia shingoni, hiyohiyo shingo, akalia kwa furaha mpaka akanilowesha. Kisha nikamwambia ya pili. Aliniachia. Alifikiri kidogo, kidogo sana.

"Yaya, ni siku moja tu," akasema.

Siku ile ya kanisa nilikuwa Mubi juu ya kreti yangu. Mama mwenye duka aliniuliza mbona siko kwenye ndoa ya mdogo wangu, nikamweleza. Alimaliza kukunja kitenge. "Bamekuharibia, na kuku yote bamekula bila weye," alisema, na akanipa mguu mmoja wa kuku aliokuwa amejiwekea. Nilikula. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na uchungu kiasi cha kutaka kutafuna hata mfupa.

Mwaka haukuisha, mdogo wangu akajifungua msichana. Walinitumia picha kwa simu ya mchimbaji mmoja. Mtoto mzuri, mrefu, shingo nyembamba iliyosimama kama ya mama yake. Niliitazama mpaka mwenye simu akaomba simu yake. Niliuliza naweza kuja lini kumwona, nikaambiwa ningoje kwanza mtoto akomae.

Kisha mchana mmoja simu ya duka ililia, na alikuwa mdogo wangu. Ananong'ona. Nyuma yake nilisikia kuku na mtu anatwanga. Nilidhani ananiita. Hata nilianza kushuka kwenye kreti.

"Yaya," alisema, "shingo ya mutoto naiangaliaka kila siku. Yako ilikuwaga namna gani wakati ulizaliwa? Banaangaliaka wapi?"

Nilisimama hapo, mguu mmoja juu ya kreti na mmoja chini. Mteja alikuwa akingoja chumvi. Vifungo vile vya blauzi nilivifungua kwa ajili yake, na yeye ndiye peke yake ambaye hakuamini kwamba haimo katika ukoo.

"Muulize mama mukwe wako," nikamwambia. "Alikaa mbele kabisa. Aliona yote."